Shetani Hakufika Kizimbani: Kesi ya Arne Johnson na Filamu Iliyoikimbia

Filamu ya tatu ya *The Conjuring*, mfululizo wa filamu za kutisha, ilitoka Juni 2021 ikiwa na jina la kishindo: *The Devil Made Me Do It*, yaani shetani ndiye aliyenituma. Jina hilo peke yake ni utetezi wa mshtakiwa, na anayelisoma anategemea kukuta kesi ndani: mtu ameua, anasema hakuwa yeye, na mahakama haina budi kuamua. Kesi hiyo ilikuwepo kweli. Ilisikilizwa Danbury, jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwaka 1981. Lakini katika dakika zake 112, filamu inaipa mahakama muda mchache kuliko inaoutumia kumsaka mwanamke mmoja mwenye mishumaa na madhabahu chini ya ardhi. Hapo ndipo ugomvi wangu nayo ulipo. Ilikuwa na swali gumu mkononi, ikalibadilisha kwa mchawi.

Kilichotokea Brookfield

Tarehe 16 Februari 1981, Arne Cheyenne Johnson, kijana wa miaka 19, hakwenda kazini. Alitoa taarifa kwamba anaumwa, kisha akaungana na mchumba wake, Debbie Glatzel, kwenye banda la kutunzia mbwa mjini Brookfield, Connecticut, alikokuwa ameajiriwa Debbie. Msimamizi wa banda hilo, Alan Bono, mwenye miaka 40, ndiye pia aliyekuwa amewapangisha mahali pa kuishi. Aliwatoa chakula cha mchana, na vinywaji vikawa vingi. Walikuwepo pia ndugu wa kike wa Johnson na binamu wa Debbie, mtoto wa miaka tisa.

Kufikia jioni mambo yalikuwa yameharibika. Bono, kwa maelezo ya waliokuwa upande wa Johnson, alimkamata yule mtoto akakataa kumwachia. Johnson akamwamuru amwachie. Mtoto akachomoka, akakimbia, na wakubwa wakabaki wamekabiliana. Ndipo Johnson akaanza kunguruma kama mnyama, akachomoa kisu cha mfukoni chenye ubapa wa inchi tano, akamchoma Bono mara kadhaa. Bono alikata roho saa chache baadaye. Johnson alipatikana umbali wa maili kama mbili kutoka hapo. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba Brookfield ulikuwa na miaka 193 bila kisa hata kimoja cha mauaji.

Ukiishia hapa, kisa hiki hakina jipya. Pombe, mwenye nyumba, mchumba wa mtu, maneno, kisu. Polisi walikisoma hivyo hivyo: wanaume wawili waligombana kwa sababu ya mwanamke.

Kilichokibadilisha ni simu. Siku iliyofuata Lorraine Warren, aliyekuwa akizunguka Marekani na mumewe Ed wakijitambulisha kama wachunguzi wa mambo ya mapepo, aliwapigia polisi wa Brookfield akawaambia kwamba Johnson alikuwa amepagawa wakati anaua. Tangu siku hiyo waandishi wa habari hawakuondoka mjini.

Madai ya akina Warren yalianzia majira ya joto ya 1980. David Glatzel, mdogo wake Debbie, mtoto wa miaka 11, alianza kusema anamwona mzee wa kutisha katika nyumba ambayo familia ilikuwa ikiisafisha. Usiku alikuwa akitupwatupwa kitandani, akitukana na kuzungumza kwa sauti isiyo yake. Familia iliwaita akina Warren, nao wakadai mtoto ana mapepo 43. Mapadre walihusishwa. Jimbo Katoliki la Bridgeport lilikubali kwamba mapadre wake walijaribu kumsaidia mtoto huyo, ila halikusema kwamba ulifanyika upungaji pepo rasmi. Katika mojawapo ya vikao hivyo, inasimuliwa, Johnson alimwambia yule aliyekuwa ndani ya mtoto: mwache huyu, njoo kwangu.

Maneno hayo matatu manne ndiyo yaliyouzwa miaka yote iliyofuata, vitabuni, kwenye televisheni, na hatimaye sinema. Nayo, kama nitakavyoonyesha, yanamwumiza mshtakiwa kuliko yanavyomsaidia.

Mlango alioufunga jaji

Wakili wa Johnson, Martin Minnella, alitaka kuingiza utetezi ambao mahakama za Marekani hazikuwa zimewahi kuupokea: mteja wangu hana hatia kwa sababu alikuwa amepagawa. Hoja aliyoitoa kwa waandishi ilikuwa na mvuto. Alisema mahakama zimeshashughulika na kuwepo kwa Mungu, sasa zitalazimika kushughulika na kuwepo kwa shetani. Ni kweli kwamba shahidi huapa kwa jina la Mungu kabla hajafungua kinywa. Filamu imeichukua hoja hii karibu nzima, ikaitia kinywani mwa Ed Warren, na ni mojawapo ya mistari yake bora.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo haina miguu. Kiapo hakimthibitishi Mungu, kinamfunga shahidi. Asiyeamini anaruhusiwa kuthibitisha bila kumtaja Mungu, na ushahidi wake una uzito uleule. Mahakama haijawahi kuombwa kupima kama Mungu aliingia ndani ya mtu saa fulani jioni na kuuongoza mkono wake.

Kesi ilipofunguliwa tarehe 28 Oktoba 1981, Jaji Robert Callahan aliukataa utetezi huo. Hakuwa na haja ya kusema kwamba shetani hayupo, na hilo ndilo watu wengi wanalolikosa wanapokisimulia kisa hiki. Alisema utetezi wa namna hiyo hauwezi kuthibitishwa, na kwamba ushahidi wa kuuunga mkono usingekuwa wa kisayansi wala usingehusiana na kile ambacho jopo la raia, wale wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lilitakiwa kuamua.

Hebu tushuke kwenye ule mngurumo, maana ndiyo ushahidi pekee wa karibu uliokuwepo. Shahidi anasema: nilimsikia akinguruma. Vema. Mwendesha mashtaka atasema mtu mwenye hasira hunguruma. Daktari wa akili atasema kuna hali ambazo mtu hujitenga na matendo yake, sauti ikabadilika, baadaye asikumbuke. Ed Warren atasema ni pepo. Maelezo mawili ya kwanza yana namna ya kupimwa: unaweza kumchunguza mshtakiwa, kuangalia historia yake, kumleta mtaalamu wa upande wa pili ampinge wa kwanza. La tatu utalipimaje? Shahidi anayesema pepo lilikuwepo akihojiwa na upande wa pili, atajibu kwamba aliliona, au alilihisi, au mkewe alilihisi. Hapo mahojiano yamekwisha. Jopo linabaki na kuamini au kutoamini, bila kipimo.

New England, eneo la kaskazini mashariki mwa Marekani ilipo Connecticut, inaijua njia hiyo. Salem, Massachusetts, mwaka 1692, mahakama iliyoundwa kwa ajili ya kesi za wachawi ilipokea ushahidi wa mizuka: mtu anasema kivuli cha jirani yake kilikuja usiku kikamkaba, na kauli hiyo inahesabika dhidi ya jirani ambaye wakati huo alikuwa amelala kwake. Watu 19 walinyongwa. Gavana Phips aliivunja mahakama hiyo Oktoba mwaka uleule, na mahakama iliyofuata ilipokataa ushahidi wa mizuka, kesi nyingi zilianguka. Connecticut yenyewe ilikuwa imetangulia: Alse Young alinyongwa Hartford mwaka 1647 kwa uchawi, wa kwanza anayejulikana katika makoloni ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani. Bunge la jimbo lilipitisha azimio la kuwasafisha waliohukumiwa kwa uchawi mwaka 2023 tu.

Kwa hiyo Callahan hakuwa mzungu mkavu asiyeamini lolote, kama mashabiki wanavyomchora. Alikuwa akilinda mlango ambao jimbo lake lilishauacha wazi zamani, na walioingia kupitia mlango huo hawakuwa washtakiwa wakitafuta kuachiwa. Walikuwa washitaki. Ukikubali pepo limwokoe Johnson leo, kesho kuna mtu atasimama aseme pepo lilimwambia jirani yake ndiye mwuaji. Ushahidi usiopimika hauchagui upande.

Sasa turudi kwa ile kauli ya Johnson, njoo kwangu. Tuseme jaji angekubali kila kitu: pepo lipo, liliingia, liliongoza mkono. Bado Johnson alilikaribisha, kwa hiari, baada ya kuona kwa macho yake lilivyomfanya mtoto. Sheria inamjua mtu wa namna hiyo. Anayekunywa mpaka akapoteza fahamu, kisha akaua, hawezi kusimama na kusema aliyeua ni pombe; aliyeinua chupa alikuwa yeye. Wakili makini wa upande wa mashtaka angeng'ang'ania hapo hapo, na sioni Minnella angejibu nini. Ushujaa unaopendwa na sinema ndio huohuo ungemtia mshtakiwa kitanzini.

Kulikuwa na mlango mwingine, wa maradhi ya akili, na kesi ya Uingereza ilikuwa imeshauonyesha. Mwaka 1974, mwanaume wa Ossett, Yorkshire, alikesha kanisani Barnsley akipungwa pepo. Asubuhi akarudishwa nyumbani, akamwua mkewe kwa namna ya kutisha mno. Mahakama haikuulizwa kama pepo lilibaki. Iliulizwa kama mtu huyu alikuwa na akili timamu. Ikajibu hapana, akapelekwa hospitali yenye ulinzi. Mtu yuleyule, tabia zilezile, lakini maelezo yamepita mahali ambapo madaktari wanaweza kubishana. Gharama ya mlango huo ni kwamba mshtakiwa lazima akubali kuitwa mgonjwa, na hospitali haina tarehe ya kutoka. Upande wa Johnson haukuuchukua. Baada ya pepo kukataliwa, ukageukia kujihami.

Jopo lilijadiliana saa 15 katika muda wa siku tatu. Tarehe 24 Novemba 1981 likamtia hatiani, si kwa mauaji ya kukusudia, bali kwa kuua bila kukusudia daraja la kwanza, kosa ambalo kwa sheria ya Connecticut linamhusu pia aliyekusudia kumdhuru mtu vibaya bila kukusudia kumwua, mtu akafa. Akafungwa miaka 10 hadi 20. Alitumikia kama mitano, akamwoa Debbie akiwa bado gerezani.

Saa 15 si kidogo kwa kisa chenye mashahidi wa macho na kisu. Uamuzi wenyewe ni wa katikati: jopo halikumwona mwuaji wa kupanga, wala halikumwona mtu aliyejihami. Hiyo ndiyo drama niliyoitaka kwenye skrini, raia 12 chumbani wakigombana juu ya neno kusudi, huku kila mmoja ameshasoma habari za pepo magazetini na ameambiwa asizifikirie.

Filamu ilifanya nini

Nimpe mwongozaji, Michael Chaves, haki yake kwanza, maana alipokea kiti kutoka kwa James Wan, aliyeongoza mbili za kwanza, na watu walikuwa wamemnolea kisu tangu mwanzo. Ufunguzi ni mzuri sana. Padre anashuka kwenye teksi usiku, kofia kichwani, mkoba mkononi, chini ya taa, na yeyote aliyeiona *The Exorcist* ya 1973 anajua anaamkiwa nani. Ndani mtoto anajikunja mwili kwenye meza ya kulia chakula, sahani zikiruka. Wakati wa kutisha zaidi ni pale Arne anapomkumbatia mtoto na kutamka mwaliko wake kwa utaratibu, uso kwa uso, kama mtu anayesaini mkataba. Ruairi O'Connor anauigiza bila mbwembwe.

Kuna pia lile godoro la maji. David analala juu yake, anabembea, anafurahia, kama mtoto yeyote aliyekuta kitu kipya nyumbani. Kisha kitu ndani ya godoro kinabembea kwa mwendo tofauti na wake. Ni sekunde chache tu, na ndiyo sehemu pekee ya filamu inayoogopesha bila kupiga kelele.

Halafu yanaanza mabadiliko. Filamu inausogeza upungaji pepo hadi Julai 1981, wakati Bono halisi alikuwa ameshakufa miezi mitano kabla. David anapunguzwa umri hadi miaka minane. Bono anakuwa Bruno Sauls, na majeraha kadhaa yanakuwa 22. Kubadilisha jina la marehemu naweza kulielewa, pengine hata ni heshima. Lakini tazama tukio lenyewe lilivyopigwa: muziki juu, mwenye nyumba amelewa anataka kucheza na Debbie, na kamera imekaa ndani ya kichwa cha Arne. Tunaona anachokiona. Sura ya Sauls inageuka kuwa ya kishetani. Mtoto wa miaka tisa aliyekamatwa mkono hayupo. Ugomvi wa wanaume wawili haupo. Kila maelezo ya kibinadamu ambayo jopo la Danbury lilikuwa nayo mezani yameondolewa kabla mtazamaji hajaketi vizuri.

Kwa hiyo tunafika mahakamani tukiwa tumeshajua jibu. Wakili ana shaka, akina Warren wanamwalika nyumbani wamwonyeshe Annabelle, mdoli wanayesema ana pepo, kata, tuko kortini na wakili anatamka utetezi wa kupagawa. Nimesoma watu wakisimulia kwamba ukumbi ulicheka mara ya kwanza walipoitazama, na mimi nilicheka. Ni kichekesho kizuri. Pia ndiyo njia ya kuikwepa hoja yote: kilichomshawishi wakili kiko nje ya picha, na jopo halitakiona kamwe.

Baada ya hapo filamu inaondoka mahakamani. Inageuka kuwa ya upelelezi, Ed na Lorraine wakifuata kifaa cha uchawi cha mifupa kilichofichwa chini ya nyumba, hadi Danvers, Massachusetts, kwenye mauaji mengine yenye majeraha 22. Danvers ndiyo iliyokuwa Kijiji cha Salem, shina la kesi zile za 1692, kabla haijabadilishwa jina mwaka 1752. Sijui kama mwandishi alilifanya kusudi. Kama alilifanya, hakulitumia.

Maana kinachogunduliwa huko ni kwamba pepo halikuja lenyewe. Lilitumwa. Kuna mwanamke, Isla, binti wa padre mstaafu, aliyefunga mkataba na pepo wa kutoa roho tatu: mtoto, mpenzi na mtu wa Mungu. Eugenie Bondurant anamwigiza kwa utulivu unaokera vizuri, lakini hapewi sababu. Anafanya kwa kuwa ni mchawi. Ed anavunja madhabahu kwa nyundo, pepo linamgeukia mwenyewe, Arne anapona akiwa kifungoni.

Angalia swali la jina la filamu lilivyoyeyuka. Arne si mwenye hatia, alipagawa. Wala hakuhusika kwa kulikaribisha pepo, kwa sababu laana ilikuwa imeshatupwa. Hata shetani hahusiki sana, alikuwa mtumwa wa mkataba. Lawama yote imebebeshwa mwanamke asiye na jirani wala mtetezi, New England, na ushahidi dhidi yake ni maono ya Lorraine, anayegusa vitu na kuona mizuka. Mahakama ya 1692 isingekataa hata ukurasa mmoja wa mswada huu.

Mwishoni tunarudi kortini haraka haraka kusikia kwamba Arne amepatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Ndani ya mantiki ya filamu, hukumu hiyo haieleweki. Kama tulichokiona ni kweli, ameonewa. Kama si kweli, kwa nini tulionyeshwa? Filamu haisemi, inasonga kwa akina Warren na mapenzi yao, ambayo Vera Farmiga na Patrick Wilson wanayabeba kwa urahisi wa watu walioigiza pamoja muda mrefu.

Anayetaka kuitazama bado namshauri aitazame, kwa ajili ya ule ufunguzi na lile godoro. Asizime majina yanapoanza kupanda, kwa kuwa hapo inapigwa kanda halisi ya sauti ya David iliyorekodiwa nyakati zile. Kisha atafute *The Devil on Trial*, makala ya Netflix ya 2023. Humo David, sasa mtu mzima, anashikilia kwamba yaliyompata yalimpata. Kaka yake, ambaye kwa miaka mingi ameyaita yote uongo na aliwahi kufungua kesi dhidi ya kitabu kilichoyasimulia, anadai kwamba mama yao alikuwa akiwawekea dawa ya usingizi kwenye chakula. Ndugu wawili waliolelewa nyumba moja, kila mmoja na maelezo yake, na dai la dawa ni la aina ambayo daktari angeweza kuulizwa juu yake. Jopo la Danbury halikumsikia hata mmoja wao akihojiwa kuhusu hilo.